Mnaofunga SMS kwenye post_save halafu mnalipwa na kuondoka, mnatuachia msiba

Wakuu, salaam. Leo sitakuwa na adabu sana, mnivumilie.

Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja, jina naliacha. Umeandikwa kwa Django, kiunzi cha Python cha kutengenezea mifumo ya wavuti. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu, kuongeza ripoti ya marejesho ya mikopo. Badala yake nazima moto, na moto wote unatokea kwenye faili moja: signals.py.

Fundi aliyetangulia aligundua kwamba Django ina signali, yaani kengele ya ndani ya mfumo, inaitwa post_save: rekodi ikishahifadhiwa, kipande chako cha msimbo kinajiendesha bila kuitwa. Akanogewa. Akakifunga kwenye jedwali la marejesho. Rejesho likisevu, mfumo unapunguza salio la mkopo, unaandika kwenye leja na kumtumia mwanachama SMS kwamba tumepokea rejesho lako, salio ni kadhaa. Vyote humo humo. Siku ya kuuonyesha kwa bodi nadhani walimpigia makofi.

Sasa jamani, post_save haijui kama kuna mtu amelipa! Inachojua ni kwamba save(), amri ya kuhifadhi rekodi, imeitwa, basi. Mhasibu akifungua rejesho la mwezi uliopita asahihishe namba ya stakabadhi, akabonyeza kuhifadhi, SMS inatoka upya na salio linapungua mara ya pili. Signali hiyo hiyo inakuja na kitu kinaitwa created, kinakuambia rekodi ni mpya au ni ya zamani. Ni mstari mmoja wa if. Hakuuandika.

Na msiniambie "si meseji tu hiyo". Kwa mwanachama wa SACCOS meseji ndiyo risiti. Mzee amekuja dirishani na simu yake, ana meseji mbili za rejesho lilelile, ya pili ina salio dogo kuliko ya kwanza, anataka ahesabiwe miezi miwili. Utamweleza habari za signali? Aliyetukanwa ni keshia, ambaye hata Django hajawahi kuisikia.

Hilo bado lina nafuu. Lililonimaliza ni hili: watu wengi wanaamini signali za Django zinakwenda kufanya kazi pembeni, nyuma ya pazia. Haziendi popote. Zinaendeshwa palepale, ndani ya ombi lilelile, keshia na foleni yake wakisubiri. Na huyu bwana ombi la kwenda kwa watoa huduma wa SMS ameliandika kwa requests.post bila timeout. Maktaba ya requests usipoiwekea kikomo cha muda, yenyewe haina, itangoja tu. Seva ya SMS ikisinzia, dirisha la malipo nalo linasinzia. Ikirudisha kosa, kosa linapanda mpaka juu na keshia anaona ukurasa wa 500, yaani kosa la seva. Anadhani haijaingia. Kumbe rekodi iliandikwa kabla signali haijapigwa! Anaingiza tena. Mtu kalipa mara moja, leja ina marejesho mawili.

Najua kuna atakayesema washa ATOMIC_REQUESTS, ombi lote liwe muamala mmoja, kikiharibika kitu kila kitu kirudi nyuma. Kitarudi, ndani ya databesi. SMS iliyokwishatoka hairudi. Hatua ya mbele ikifeli, PostgreSQL, ambayo ndiyo databesi yetu, inafuta rejesho, mwanachama anabaki na ujumbe wa rejesho ambalo halipo popote. Hapo bora hata zile rekodi mbili, angalau zinaonekana.

Halafu kuna kumbukumbu za ukaguzi, nani kabadili nini na lini. Nazo kazitundika kwenye post_save. Sawa, lakini kazi ya usiku inayoongeza faini kwa mikopo iliyochelewa kaiandika kwa queryset.update(), amri inayobadili rekodi nyingi kwa mpigo moja kwa moja kwenye databesi. Nyaraka za Django zinasema wazi kwamba update() haiiti save() na haipigi signali. Bulk_create(), ya kuingiza rekodi nyingi kwa mpigo, nayo vivyo hivyo. Kwa hiyo badilisha herufi moja ya jina la mtu, mfumo unaandika na kupiga kelele. Ongeza faini kwenye mamia ya mikopo kwa mpigo, kimya kabisa, hakuna alama. Mkaguzi akija nani atasimama mbele yake?

Wa Rails (kiunzi kama Django, ila cha lugha ya Ruby) msicheke. after_save yenu ina ugonjwa uleule, na update_all inairuka vilevile. Ila after_commit, inayongoja muamala uthibitishwe kwanza ndipo ijiendeshe, mnayo. Na sisi on_commit tunayo tangu Django 1.9 ya Desemba 2015, kwa hiyo hakuna cha kusema zana hazikuwepo.

Nilivyoanza kuubomoa: kuna funksheni moja inaitwa pokea_rejesho(), na pesa haiingii kwa njia nyingine. Ndani yake, katika muamala mmoja, rejesho linaandikwa, salio linapungua, na mstari unaingia kwenye jedwali la SMS zinazosubiri. Basi. Programu nyingine ndogo inasoma jedwali hilo, inatuma, inaweka alama. Muamala ukifeli, mstari wa SMS unafutika nao. Kusahihisha stakabadhi ni funksheni tofauti na haimtumii mtu chochote. Ukaguzi nimeushusha kwenye trigger ya PostgreSQL yenyewe, msimbo unaojiendesha ndani ya databesi data ikibadilika, ili hata mtu akiingia moja kwa moja kwenye databesi kwa psql saa nane usiku aandikwe. (Ila trigger inamjua mtumiaji wa databesi, haimjui mhasibu aliyeingia kwenye mfumo, jina lake lazima ulipitishe mwenyewe.)

Mjue pia nani analipia usafi huu. SACCOS inaona imeomba ripoti, inaletewa bili ya kufumua leja. Wanadhani mimi ndiye mwizi.

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyesema "weka Celery, yaishe", yaani programu ya kufanya kazi pembeni, nje ya ombi. Haiishi. Ukiita delay(), amri ya kuikabidhi Celery kazi, ndani ya muamala, Celery inaweza kuwahi kuitafuta rekodi kabla haijathibitishwa, unapata kosa la DoesNotExist (rekodi haipo) na SMS haiendi. Ndiyo maana Celery 5.4 ilileta delay_on_commit, inayongoja muamala upite kwanza. Itumie, lakini Redis (inayobeba foleni ya kazi za Celery) ikiwa imelala sekunde ileile baada ya muamala kupita, rejesho lipo na SMS haipo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilitakiwa iende. Kwenye jedwali mstari unabaki unasubiri mpaka mtu autume. Na ile programu ndogo ikifa katikati, baada ya kutuma na kabla ya kuweka alama, itatumwa mara mbili. Ikijirudia hivyo angalau salio ni lilelile, maana SMS haigusi tena leja.