Vitabu vya utamaduni wa chai ya Uchina: nianze na Lu Yu, Okakura au Mair na Hoh?

kikombe_kidogo
Wakuu, nina bajeti ya vitabu viwili. Nataka kuelewa chai ya Uchina yenyewe, si ya Japani: kwa nini wanamimina maji mara sita juu ya majani yaleyale, kwa nini vikombe ni vidogo, na puer ni nini hasa. Kichina sijui, Kiingereza kinatosha. Nilivyoviona ni hivi:

1. *The Classic of Tea*, Lu Yu, tafsiri ya Carpenter (1974)
2. *The Book of Tea*, Okakura (1906)
3. *The True History of Tea*, Mair na Hoh (2009)
4. *Tea in China*, James Benn (2015)

Kipi kianze, kipi kiachwe?

birika_la_shaba
Namba 2 usiinunue. Si kwamba ni mbaya, ila hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo unaipakua bure kihalali. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: Okakura ni Mjapani aliyeandika kwa Kiingereza akiwalenga wasomaji wa Magharibi, na Uchina kwake ni ngazi ya kupandia kufika kwenye chumba cha chai cha Japani. Sura ya pili inafaa, maana inagawa historia katika vipindi vitatu: chai ya kuchemshwa (enzi ya nasaba ya Tang), ya kupigwa povu (Song) na ya kuloweka majani (Ming). Mgawanyo huo bado unatumika. Lakini anapodai kwamba Mchina wa siku zake alibaki na kinywaji kitamu tu, roho yake ikiwa imepotea, usimwamini. Wakati anaandika, watu wa Chaozhou na Fujian kusini walikuwa na utaratibu wao wa kumimina chai unaoitwa gongfu, wenye birika dogo na vikombe vyake.

maji_ya_chemchemi
Anza na Lu Yu. Ni kifupi, herufi za Kichina kama 7,000 tu katika sehemu kumi, na waliofuata karibu wote wanamjibu yeye. Kimeandikwa karne ya 8 na ni cha vitendo kuliko watu wanavyodhani. Utengenezaji wa majani anauweka katika hatua saba: chuma, pika kwa mvuke, twanga, kandamiza kwenye kalibu, banika, tunga kwenye kamba, fungasha.

Sehemu ya tano, ya kuchemsha, isome mara mbili. Maji ya mlimani ndiyo bora, ya mto yanafuata, ya kisima ni ya mwisho. Mchemko wa kwanza vipovu ni kama macho ya samaki: hapo tia chumvi kidogo. Wa pili vipovu vinapanda pembeni kama lulu zilizotungwa: chota upawa mmoja uweke kando, koroga katikati, mimina unga wa chai hapo katikati. Wa tatu ni mawimbi: rudisha ule upawa uliouweka kando ili mchemko utulie na povu lijijenge. Ukipitiliza hapo, maji "yamezeeka", hayanyweki. Sheng moja (kipimo cha kale cha ujazo) ya maji hutoa bakuli tano, na tatu za kwanza ndizo nzuri.

Sehemu ya saba ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa ni mkusanyiko wa visa na nukuu za vitabu vya kale. Iruke, urudi baadaye.

(Anawasema pia wanaochemsha chai na vitunguu, tangawizi, tende za Kichina, maganda ya chungwa na mnanaa: kwake hayo ni maji ya mtaroni. Chai yetu ya tangawizi imehukumiwa zamani, tena na mtu anayetia chumvi.)

jani_moja_chipukizi_mbili
Mkuu hapo juu, hatua zako ni sahihi, ila umempeleka mgeni njia ngumu. Lu Yu akisomwa kwanza huleta kosa moja linalojirudia: msomaji anachukua oolong ya majani (chai iliyo kati ya ya kijani na ya rangi) na kujaribu kuipika kwa macho ya samaki na mawimbi. Inatoka chungu kama shubiri, kwa sababu mbinu ile ni ya unga wa bonge la chai lililopikwa kwa mvuke, si ya majani yaliyosokotwa. Mwaka 1391 mfalme Hongwu wa Ming alifuta mabonge kama ushuru wa kasri na kutaka majani makavu yasiyogandamizwa. Unachokunywa leo kwenye gaiwan (bakuli dogo lenye kifuniko) kiko upande wa huku wa mwaka huo.

Kwa hiyo anza na namba 3. Mair na Hoh wanakupa mfululizo mzima: Tang, kisha Song ambapo mfalme Huizong mwenyewe aliandika risala ya chai mwaka 1107 (unga, kipigio cha mwanzi, bakuli jeusi la Jian ili povu jeupe lionekane), kisha Ming, biashara ya chai kwa farasi wa Tibeti, misafara ya Urusi, hadi meli za Waingereza. Nyuma kuna kiambatisho cha nasaba ya neno lenyewe: "te" ya lahaja ya Min huko Fujian ilipita kwa Waholanzi, "cha" ikapita kwa Wareno, na "chai" yetu iko tawi moja na Kiajemi, Kirusi, Kituruki na Kihindi. Udhaifu wake: ni kipana mno, na hakikufundishi kumimina hata kikombe kimoja.

majani_makavu
Naunga mkono 3 iwe ya kwanza. Ya pili inategemea swali lako. Benn anafaa kama unataka dini: watawa wa Kibudha na chai kushindana na pombe, pamoja na ule mjadala wa Chai na Pombe uliopatikana Dunhuang. Ni kitabu cha msomi, chenye tanbihi nyingi, kisome polepole.

Lakini umeitaja puer, chai ya Yunnan ambayo mara nyingi hugandamizwa na kuwekwa ikomae, na hapo hakuna hata kimoja kati ya vinne kinachokutosha. Tafuta *Puer Tea: Ancient Caravans and Urban Chic* cha Jinghong Zhang (2014). Anafuata chai kutoka Yiwu, Yunnan, hadi mezani Kunming, na anaeleza jinsi bei ilivyopaa kisha ikaporomoka mwaka 2007, jinsi kila mtu alivyodai yake ndiyo halisi, na kwa nini mnunuzi hawezi kuthibitisha. Ukikisoma hutanunua bonge la "miaka 30" kwa kuangalia karatasi ya nje.

kikombe_kidogo
Basi ni 3 na Zhang. Kumimina je? Mbona hakuna kitabu kilichotajwa?

birika_la_shaba
Kwa kumimina hutahitaji kitabu kizima. Gaiwan ya mililita 100 hadi 120: kifuniko, bakuli, kisahani. Kwa oolong tia gramu 5 hadi 6, maji yanayochemka, suuza haraka na kumwaga, kisha mmimino wa kwanza sekunde 15 hadi 20, kila unaofuata ongeza 5. Makosa ni mawili. Kwanza, kujaza hadi ukingo: mdomo unapata moto na vidole vinaungua, kwa hiyo acha nafasi chini ya pale bakuli linapopanuka. Pili, kuacha maji kidogo chini: yanaendelea kuvuta ukali, na mmimino unaofuata unaharibika. Mimina mpaka tone la mwisho.

Longjing, chai ya kijani, ni habari nyingine. Glasi, gramu 3 kwa mililita 150 hadi 200, nyuzi 80, bila kufunika. Ukifunika, majani yanapikika na kuwa ya njano.

Na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai: ikionyesha 5 inaweza kuwa 4.5 au 5.5. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

maji_ya_chemchemi
Sawa, nimekubali kumsogeza Lu Yu awe wa tatu. Ila kuna mtego wa majina. Tunayoiita chai ya rangi, na Waingereza chai nyeusi, kwa Kichina ni *hongcha*, yaani chai nyekundu. *Heicha*, nyeusi kwa tafsiri, ni kundi jingine: ya kuvundikwa, ambamo ndimo wanaiweka puer iliyoivishwa. Ukikuta kitabu kinasema "black" bila neno la Kichina pembeni, angalia muktadha kabla ya kuandika chochote kwenye daftari lako.

jani_moja_chipukizi_mbili
Na tahajia. Carpenter anatumia mfumo wa zamani, Zhang na Benn wanatumia pinyin, mfumo wa sasa wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini: Lu Yü ni Lu Yu, Ch'a Ching ni Chajing. Vitabu vya wafanyabiashara wa karne ya 19 ndivyo vibaya zaidi: Bohea ni Wuyi, Keemun ni Qimen, Amoy ni Xiamen, Congou inatokana na gongfu.

Ukivizoea unaweza kumsoma Robert Fortune, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza (kitabu cha 1852), bure mtandaoni. Alikuwa akichukua miche na mbegu kwa siri kwa ajili ya East India Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, kwa hiyo msome ukijua yuko upande gani. Lakini maelezo yake ya viwandani ni ya mtu aliyesimama pale: aliona chai ya kijani ya kuuza nje ikipakwa buluu ya Prussia na jasi, akakadiria kuwa kila ratili 100 zilibeba zaidi ya nusu ratili ya rangi. Waliotengeneza hawakuinywa wenyewe. Walipaka kwa sababu wanunuzi wa nje walitaka kijani kinachong'aa.