Somo likibandikwa kutoka Word linavurugika kwenye simu

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Walimu wenzangu, salamu. Masomo ya kemia nayaandika kwenye Word, kisha nayabandika kwenye Moodle, jukwaa letu la masomo mtandaoni. Kwenye kompyuta yanaonekana sawa. Kwenye simu za wanafunzi herufi nyingine ni ndogo mno na jedwali linakatika upande wa kulia. Nikibandika maneno matupu, H₂SO₄ inageuka H2SO4. Nifanyeje bila kutuma picha za kurasa? Picha zinawamalizia mega.

Himbi_Goma
Mwalimu, Word haitoi maneno peke yake. Inatoa pia aina ya herufi, ukubwa wake na upana wa jedwali, vyote vimejificha nyuma ya maandishi, na simu inavifuata. Kwa hiyo endelea kubandika maneno matupu (Ctrl+Shift+V), halafu uyapange ndani ya Moodle yenyewe. Vichwa vya somo vichague kwenye menyu ya mitindo ya aya, usikuze herufi kwa mkono: programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na herufi nene tu haihesabu kuwa kichwa. Neno usilipigie mstari, watalibonyeza wakidhani ni kiungo.

Tena, waliozoea Word ya Kifaransa wanabonyeza Ctrl+G wapate herufi nene. Kwenye kivinjari Ctrl+G ni ya kutafuta neno. Huku tumia Ctrl+B.

Kamalondo (Lubumbashi)
Kuhusu fomula. Zikiwa chache, chagua 2 peke yake, bonyeza kitufe cha X yenye 2 ndogo chini, kisha ufanye vivyo hivyo kwa 4. Ukiandika moja kwa moja, kizime kitufe hicho mara tu baada ya namba, la sivyo sentensi yote inayofuata inashuka chini.

Zikiwa nyingi, afadhali ₂ ₃ ₄ ⁺ ⁻ zilizo herufi kamili zenyewe, si namba za kawaida zilizoshushwa. Ziweke juu ya ukurasa wako wa Word na uzinakili kila unapozihitaji. Hizo hazipotei ukibandika maneno matupu, na zinafika salama hata WhatsApp, ambako kitufe cha namba za chini hakipo.

Jedwali lenye safu wima zaidi ya tatu livunje liwe mistari:

Asidi sulfuriki: H₂SO₄, 98 g/mol
Asidi nitriki: HNO₃, 63 g/mol

Mstari ukiwa mrefu, simu inaushusha yenyewe. Jedwali haiwezi kulishusha hivyo. Na kabla ya kuwafungulia wanafunzi, lisome somo lote kwenye simu yenye kioo kidogo.

Mwalimu_Kadutu
Asanteni sana. Na herufi nene kwenye WhatsApp? Kwangu nyota zinabaki zinaonekana.

Himbi_Goma
Umeacha nafasi. Nyota zigusane na neno pande zote mbili: *asidi*. Ukiandika * asidi * haikubali.