Nataka kuipiga "Juke" ya Little Walter, na ule mwanzo ni wa nani hasa?

Kijana_wa_Iyunga aliandika:
Wakuu, habari za Jumapili. Wapenzi wa kinanda cha mdomo najua humu ni wachache, ila najua mpo. Nina harmonika ya matundu kumi, kii ya C, na nimekwama kwenye "Juke", ule wimbo wa blues usio na maneno wa Mmarekani Little Walter. Ule mwanzo unaopanda kutoka chini na kurudiwarudiwa naupata vizuri tu. Shida nikiuweka wimbo kwenye simu nipige nao pamoja, mimi na Walter hatukutani kabisa.

La pili: mshkaji wangu anayenisindikiza na gitaa hapa Iyunga, Mbeya, anasema nisijisumbue, eti Walter mwenyewe aliuiba wimbo kwa mpiga harmonika mwenzake anaitwa Snooky Pryor. Kanitumia wimbo wa huyo Pryor, na kusema kweli unafanana mpaka nikakosa cha kumjibu. Mwenye uelewa anisaidie. Natanguliza shukrani.

Mbao_Mafinga:
Tafuta harmonika ya kii ya A, mkuu. Mambo ya nani kaiba waachie mawakili.

Mkongwe_wa_Reli:
Mwanangu, huyo wa Mafinga kakupa jibu la dukani. Ni sahihi, ila hajakwambia sababu.

Walter alirekodi "Juke" kule Chicago tarehe 12 Mei 1952. Harmonika yake ilikuwa ya A, lakini wimbo uko kwenye E. Wapiga blues hawaifuati ile herufi iliyochongwa kwenye bati. Wao kazi kubwa wanaifanya kwa kuvuta pumzi, na ukivuta tundu la 1 hadi la 4 kwa pamoja kwenye A, inatoka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E kamili. Fanya hivyohivyo kwenye C yako, utapata G. Basi wewe uko G, yeye yuko E, mtakutana wapi? Kama hela ya A bado, tafuta programu ya simu inayopandisha na kushusha sauti, ipandishe rekodi nusu-toni 3, itakufuata hukohuko G. Mshkaji wako apige kodi za G, C na D, ule mzunguko wa blues wa baa 12, asitie mbwembwe.

Tena mwambie hivi: kwenye rekodi ile besi hakuna. Kuna gitaa mbili, la Muddy Waters na la Jimmy Rogers, na ngoma za Elgin Evans, basi. Kwa hiyo nyuzi nene ndizo kazi yake. Akikimbilia nyembamba, wewe utabaki unaelea.

Halafu kuvuta kuna siri nyingine. Tundu la 2 na la 3, ukiyavuta huku ulimi umerudi nyuma na koo limefunguka, sauti inashuka. La 3 ndilo lenye kilio. Usipolishusha kidogo unasikika kama mtoto wa chekechea anayeimba siku ya wazazi. Hapo ndipo utakapokaa muda mrefu, wala usiharakishe. Mimi nilikuwa nafanya zoezi hilo karakana ya TAZARA wakati wa chai, wenzangu wakidhani kuna mashine imeharibika.

Sasa huo wizi. Pryor na mpiga gitaa Moody Jones walirekodi "Snooky and Moody's Boogie" mwaka 1948, miaka minne kabla. Mwanzo wa nyimbo hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, anayebisha hana masikio. Lakini bendi ya Muddy, ambayo Walter alikuwa akipiga humo, ilikuwa imeshauzoea huo muziki jukwaani kabla ya kuingia studio, na kwenye karatasi za siku ile uliandikwa "Your Cat Will Play". Jina la "Juke" lilikuja baadaye. Wapigaji hawa walikuwa wakikutana Mtaa wa Maxwell, penye soko la wazi pale Chicago, wanapiga barabarani na kutupiwa sarafu. Kifungu kikiwapendeza wanunuzi asubuhi, jioni kina wenyewe wanne.

Ila mshkaji wako kasikiliza sekunde kumi tu. Mwambie aendelee. Pryor anapiga boogie ya mtaani, nzuri, ya kuchezeka. Walter akishamaliza ule mwanzo anaanza safari yake: mizunguko inabadilika, mara anakatakata, mara anang'ang'ania noti moja mpaka unamuonea huruma. Na maikrofoni kaibana viganjani pamoja na harmonika, sauti inapita kwenye amplifaya na kutoka nzito. Alikuwa anawasikiliza sana wapiga saksafoni, akina Louis Jordan, na unalisikia hilo. Wimbo ulikaa namba moja wiki 8 kwenye chati ya R&B (muziki wa Wamarekani Weusi) ya jarida la Billboard, na hakuna wimbo mwingine wa harmonika bila kuimba uliowahi kufika pale. Watu hawakununua ule mwanzo peke yake.

Mwanangu wa Mbamba Bay upo? Njoo utie neno, wewe ndiye mtu wa Pryor.

Nyasa_Mbamba_Bay:
Shikamoo mzee. Nipo. Nitaongeza moja tu. Pryor alikuwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kule alikuwa akipuliza miito ya tarumbeta za jeshi kwenye vipaza sauti. Alipotoka akapeleka mtindo huo wa kipaza sauti Mtaa wa Maxwell, kwa harmonika. Yeye alidai mpaka uzee wake kwamba ndiye aliyeanza.

Nikisoma hayo naukumbuka mganda, ngoma yetu. Wazee wa Ziwa Nyasa waliona bendi za KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, zikipita, wakarudi na malipenga ya vibuyu, gwaride, vyeo na kila kitu. Hakuna aliyewaita wezi.

Kijana_wa_Iyunga:
Shikamooni wote. Nimepandisha nusu-toni 3 na sasa tunakutana! Mzee, swali dogo: tundu mojamoja nilipate kwa midomo au kwa ulimi? Na asubuhi harmonika inagoma, tundu la 4 halitoi kitu.

Mkongwe_wa_Reli:
Marahaba. Anza na midomo, ubinye kama unayepiga mluzi. Ila ukitaka ule unene wa Walter, lazima ujifunze ulimi: mdomo unafunika matundu manne, ulimi unaziba ya katikati, zinatoka mbili za pembeni; ukipuliza ni noti ileile ya juu na ya chini. Walter aliutumia sana.

Kugoma ni baridi ya Mbeya hiyo. Pumzi yako ina joto, vibati vya shaba vya ndani ni vya baridi, unyevu unaganda juu yake. Iweke mfuko wa ndani wa koti kabla ya kupiga, na ukimaliza igonge kiganjani, matundu yakiangalia chini. Usiioshe na maji kama ubao wake wa katikati ni wa mti, utavimba.

Gangilonga_Iringa:
Naulizia hiyo ya A, inapatikana wapi? Madukani huku naona zile ndefu za safu mbili tu, na hazipindi sauti hata kidogo.

Mkongwe_wa_Reli:
Hizo ziache, kila noti ina vibati viwili vilivyopishanishwa makusudi ili sauti itetemeke. Nzuri kwa nyimbo za kanisani, kwa "Juke" hapana. Ninayo A moja ya ziada, bati lake limechubuka ila sauti ni nzima. Njoo PM.

Kijana_wa_Iyunga:
Mzee, mimi ndiye niliyeuliza kwanza!