Taa hafifu Land Cruiser 75: rilei, LED au HID?

mkwaju75
Wakuu, habari. Taa ni za mviringo, inchi 7, balbu H4 (zenye filamenti mbili, ya fuli na ya dimu) za 60/55W. Injini ikiwaka betri inasoma volti 14.0, ila kwenye soketi ya balbu ni 11.6 tu. Nalinganisha rilei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), LED na HID (balbu za gesi ya xenon). Bajeti ni ya kitu kimoja. Nianze na kipi?

waya_mwekundu
Vipimo vyako vimeshajibu: volti 2.4 zinapotelea njiani. H4 hupimwa kwa volti 13.2, ikitoa lumeni (kipimo cha mwanga) 1650 fuli na 1000 dimu. Volti zikishuka kidogo, mwanga unaporomoka, kwa 11.6 umebaki na theluthi mbili hivi. Chanzo ni umeme wote kupita kwenye swichi ya usukani na nyaya nyembamba zilizochoka.

Chukua rilei mbili za 30A zenye pini nne, moja ya dimu, moja ya fuli. Soketi moja ya zamani ichomoe, iwe ndiyo ya kuamrisha rilei kupitia pini 85 na 86 za koili. Toka chanya ya betri na waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya 20A ikae jirani kabisa na betri, uingie pini 30. Pini 87 inalisha balbu zote mbili. Ethi ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa waya wa unene uleule.

pini85
Hapo kwenye kuamrisha ndipo mafundi wengi wanakwama. Toyota nyingi za zamani hukatia taa upande wa hasi: mguu wa pamoja wa H4 unapata chanya, swichi inazishusha dimu na fuli kwenye ethi. Ukidhani mguu ule ni ethi ukaufunga kwenye bodi, fyuzi kwishnei. Pima na multimita kwanza. Ukikuta hivyo, chanya hiyo ipeleke 86 za rilei zote mbili, waya wa dimu na wa fuli kila mmoja kwenye 85 ya rilei yake. Upande wa balbu mguu wa pamoja sasa unakuwa ethi.

LED nyingine hugoma kwenye gari hizi kwa sababu hiyohiyo.

tope_na_mchanga
LED msiitupe moja kwa moja. Inakula umeme kidogo, nyaya za zamani zinaimudu. Shida ni mahali chipu zilipo: zikihama hata milimita moja kutoka ilipokuwa filamenti, reflekta (kioo cha ndani kinachorudisha mwanga mbele) inatawanya mwanga ovyo. Zungusha kola (pete inayoshika balbu) mpaka chipu zitazame kushoto na kulia, kikombe cha dimu, kile kichuma kinachokinga mwanga wa dimu, kiwe chini. Na mpira wa vumbi usizibe feni, LED itachemka ife mapema.

waya_mwekundu
Sawa, lakini baada ya rilei. HID ndani ya reflekta ya H4 sahau, inampofusha anayekuja. Balbu za 100/90W bila rilei nazo zinayeyusha soketi.

kioo_safi
Kabla ya yote angalia reflekta. Ikishapauka ndani, hakuna balbu itakayoiokoa. Nunua taa nzima, ya nchi zinazoendesha kushoto. Nyingi zinazotoka Dubai zinainua mwanga kulia, yaani machoni pa mwenzako.

Ukimaliza, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wa kawaida. Ukingo wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.