Skana imetoa P0171 na P0420, fundi anasema katalitiki imekufa. Nielewesheni haya maneno

RuakaBypass aliandika:

Habari wadau. Taa ya chek injini iliwaka nikiwa kwa jam ya Waiyaki Way, gari haikuzima wala nini, inatembea tu vizuri isipokuwa nikisimama inatetemeka kidogo. Ni gari ya kutoka Japani, petroli, lita 1.5, otomatiki. Nikapeleka kwa fundi akachomeka skana ikatoa P0171 na P0420, akasema katalitiki imekufa nijipange, na bei aliyonitajia ni kama nusu ya mshahara wangu. Mwenzake wa hapo hapo gereji akanivuta kando akaniambia nisikubali, yeye atatoa masega ya ndani ya hiyo katalitiki afunge tena, bure kabisa, na hiyo taa atajua vile ataizima.

Sasa mimi siwezi kubishana na mtu kuhusu kitu sielewi. Skrini ilikuwa imejaa oksijeni sensa 1, oksijeni sensa 2, STFT, LTFT +18, klosidi lupu, MAF, EGR, alafu kuna mahali imeandikwa baro 83 na fundi akasema hiyo nayo imeharibika inafaa iwe 101. Mwenye anaelewa anielezee polepole, hii kompyuta inalalamikia nini haswa?

GrisiMkononi alijibu:

Pole mkubwa. Kwanza usinunue chochote, na usikubali mtu afute hizo kodi (hizo namba za makosa, P0171 na P0420) kabla hujapiga picha ya skrini yote, juu kuna kitu inaitwa frizi fremu, ni rekodi ya hali ya injini wakati kosa liliingia, mzunguko wa injini (RPM) ulikuwa ngapi, joto ngapi, trimu ngapi. Wakifuta inapotea na hapo ni kubahatisha.

Kodi inakuambia ECU, yaani kompyuta ya injini, imeona nini. Pati gani imekufa hiyo ni kazi ya fundi kutafuta, na hapo ndio pesa ya watu hupotelea kwa maduka ya spea ya Grogan kila siku. P ni upande wa injini na gia. Sifuri inayofuata inamaanisha kodi ni ya magari yote, ingekuwa 1 ingekuwa ya kampuni iliyotengeneza gari. Nambari iliyo baada ya hiyo sifuri ndio inakuelekeza: 1 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi na kumisi, 4 ni vifaa vya kupunguza moshi mbaya. Kwa hivyo 0171 inasema hewa imezidi kipimo kwa mafuta yaliyopo, 0420 inasema katalitiki, ile ya kusafisha moshi kwa ekzosi, haisafishi vile inatarajiwa. Anza na 0171. Siku zote.

Sasa sikiza vile inafanya kazi. ECU inapima hewa inayoingia kwa kutumia MAF, ile sensa iko kwa bomba baada ya eya kilina, alafu inahesabu nozeli zifunguke muda gani. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya mafuta. Injini ikiwa baridi ECU inafuata hesabu ya kiwandani tu, hiyo ni openi lupu. Ikishapata joto inaanza kusikiliza oksijeni sensa ya mbele, iliyo kabla ya katalitiki, na kujirekebisha bila kupumzika, hiyo ndio klosidi lupu na ndio unataka kuona. Yale marekebisho ndio trimu. STFT ni ya sasa hivi, utaiona inaruka ruka. LTFT ni ile gari imeshazoea. Karibu na sifuri ni sawa, mpaka kama 10 juu au chini huwa hatusumbuki sana, lakini +18 ni kwamba ECU inaongeza mafuta asilimia 18 juu ya hesabu yake na bado sensa inalia hewa imezidi.

Hiyo hewa ya ziada inaingilia wapi? Mahali MAF haiwezi kuiona, yaani baada yake. Bomba la mpira limepasuka, gasketi ya intek, hosi ya vakyumu, ama hosi ya PCV (ile inavuta mvuke wa oili kutoka chini ya injini urudi uchomwe badala ya kutoka nje). Pia cheki kama ekzosi imepasuka kabla ya ile sensa ya mbele, juu hapo inavuta hewa ya nje, sensa inadanganyika, ECU inamwaga mafuta hayahitajiki na hayo ndio yanakuja kuchoma katalitiki. Ikiwa ni hivyo utasikia tik tik tik asubuhi ukiwasha.

Fanya hivi: gari ikiwa na joto, soma LTFT na STFT ikiwa silensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta), alafu shikilia mzunguko 2500 usome tena. Zikishuka kwa 2500, tafuta mahali hewa inapenya. Zikipanda, angalia pampu ya mafuta, filta, ama MAF chafu. Leta hizo namba hapa.

MatatuTu_Rongai alijibu:

Hesabu zote hizi za nini jameni. Toa masega, weka spesa (kipande cha kuisogeza mbali na moshi) kwa sensa ya nyuma, songa mbele. Mimi gari zangu zote hazina hiyo takataka na zinapaa, nani atakuuliza Nairobi hii? Na usisahau kuziba EGR ukiwa hapo, inajaza tu masizi.

Kisauni_Kasarani alijibu:

Ndugu yangu wa Rongai, kinachopaa ni kelele. Kwa injini ndogo ya lita 1.5 masega mazima hayakunyimi nguvu ya kuhisi kwa mguu, yakiwa yameziba hiyo ni habari nyingine na dalili zake zajulikana, gari inakosa nguvu ukipanda mlima na haitaki kuzidi mzunguko fulani.

Na wewe mwenye gari, jiulize kwa nini mtu akufanyie kazi bure. Ndani ya yale masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa chuma chakavu wanayajua vizuri kukushinda. Atayatoa bure kwako, halafu ayauze. Basi walau omba mgao wako!

Hizo metali ndizo zifanyazo kazi. Zikipata joto la kama nyuzi 250 hadi 300 zinageuza kaboni monoksaidi na mafuta yasiyoungua kuwa kaboni dayoksaidi na maji, na zile gesi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na katika foleni ya Globe magari yote yakiwa yamesimama madirisha wazi, anayeivuta ni wewe na mama aliyekaa hapo nje anauza ndizi. Zamani twaweza kusema tulikuwa na udhuru, maana petroli yetu ilikuwa na risasi na risasi huziua katalitiki, lakini Kenya ilishaachana nayo kufikia mwaka 2006. Sasa udhuru ni upi?

EGR nayo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya silenda ili moto usiwe mkali mno, kwa sababu zile gesi za nitrojeni huzaliwa joto likizidi. Ikijaa masizi huoshwa. Halafu yeye hana hata kodi ya EGR, ingelikuwa P0401 hapo sawa tungezungumza. Aizibe ya nini?

MatatuTu_Rongai alijibu:

Haya mwalimu. Bei ya katalitiki utamlipia wewe?

GrisiMkononi alijibu:

Hakuna mtu amesema anunue, rudi usome juu.

RuakaBypass ile ya baro nilisahau. Hiyo 83 iko sawa kabisa, mwambie fundi wako hivyo kwa upole. Ni presha ya hewa kwa kilopaskali. 101 ni ya usawa wa bahari, Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi na 83 ndio yetu. Ukishuka Mombasa na hiyo gari hiyo sensa "iliyokufa" itasoma 101. Watu wameuziwa sensa nzima nzima hapa mjini kwa hiyo sababu tu.

RuakaBypass alijibu:

Asanteni sana, @Kisauni_Kasarani ya mgao nimecheka. Nilinunua kale kaskana kadogo ka Bluetooth nikasoma mwenyewe. Silensa LTFT +17 na STFT kati ya +2 na +4. Nikishikilia 2500 jumla inashuka mpaka kama +5. Jirani yangu akafungua boneti na tochi, hosi ya PCV upande wa chini mahali haionekani imepasuka, ukiifinya inafunguka mdomo. Nimeweka mpya, haikuwa hata pesa ya kulia, nikafuta kodi baada ya kupiga picha kama ulivyosema. Sasa LTFT iko +3 na haitetemeki tena. Lakini P0420 imerudi, imeandikwa pendingi, taa haijawaka. Hiyo ni nini tena?

GrisiMkononi alijibu:

Safi, 0171 imeisha. Pendingi ni kwamba ECU imefanya jaribio lake ikaona shida mara moja, ikiona tena safari ingine ndio inawasha taa. Kwa hivyo huyo fundi wako wa kwanza anaweza kuwa na ukweli kidogo, wacha tuone.

Endesha mpaka ipate joto kabisa, kama nusu saa hivi, simama, shikilia 2500 na uangalie volti za sensa 2, ile ya nyuma. Katalitiki nzima inahifadhi oksijeni ndani yake, kwa hivyo sensa ya nyuma inatulia, mara nyingi kati ya 0.6 na 0.8. Ikiwa inaruka kutoka 0.1 hadi 0.9 na kurudi haraka haraka, katalitiki imechoka. Usijaribu kulinganisha na ya mbele kama gari ni Toyota, nyingi za miaka hii mbele ziko na sensa ya eya-fyueli na hiyo inasoma tofauti kabisa, watu huchanganyikiwa hapo.

Na kabla ya hapo pitisha mkono karibu na jointi za ekzosi asubuhi ikiwa baridi, SI ikiwa na moto, uone kama kuna mahali inapuliza. Alafu urekodi video ya skrini uilete hapa.

Kisauni_Kasarani alijibu:

Na ukishaipata hiyo video usimwonyeshe yule wa bure.