Baraza la nyuklia Uyombo: nikiulizwa "usiku je?" nijibu nini?

Mwana wa Mida: Wadau, salamu. Wazee wamenichagua niwasemee barazani kuhusu kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kilichopangwa kujengwa huku Uyombo, Kilifi. Siku hizi Siaya nayo inatajwa, lakini hapa hofu haijaisha. Hori ya Mida iko jirani, na samaki wetu huzaliana kwenye mikoko ile. Nataka tuiambie serikali iongeze nishati jadidifu, yaani isiyoisha kama jua na upepo, tusirudi kwenye mafuta wala tusiende kwenye nyuklia. Shida ni hii: nikitaja sola tu, naulizwa, "Usiku je?"

Fundi Naivasha: Ndugu yangu, usianze na sola. Anza na Olkaria, kule Naivasha kwenye mitambo ya jotoardhi, yaani umeme wa mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza pale uliwashwa 1981, megawati 15 tu. Leo jotoardhi ndiyo inayotuletea umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Mvuke hupanda kutoka visima virefu, vingine vinapita kilomita mbili kwenda chini, unapita kwenye mabomba na kuzungusha mitambo usiku na mchana, masika na kiangazi.

Binti Sabaki: Taja na umeme wa upepo wa Loiyangalani, kule Marsabit: vinu 365, megawati 310. Lakini sema yote. Vinu vyote vilikuwa vimeshajengwa kufikia 2017, vikakaa zaidi ya mwaka bila kazi kwa kuwa laini ya umeme ya kwenda Suswa, ya kuviunga na gridi ya taifa, haikuwa tayari. Tena 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ile ardhi hazikupatikana kihalali. Wewe unatetea ardhi ya watu, kwa hiyo usiwasahau wale wa Marsabit.

Baba Kipevu: Kijana, mimi siipingi nyuklia. Haitoi moshi kama mitambo ya mafuta tuliyoizoea huku Mombasa. Na kisima cha mvuke ni ghali kuchimba, tena kingine hutoka kitupu. Usiwaambie watu ni rahisi.

Mwana wa Mida: Shikamoo Baba, nimekusikia. Gharama nitaitaja. Ila kisima kitupu hasara yake ni pesa. Taka za nyuklia zitalindwa maelfu ya miaka, na hapa kijijini hatujaambiwa zitawekwa wapi. Binti Sabaki, Loiyangalani nitaisema pamoja na kasoro zake.

Fundi Naivasha: Jambo la mwisho. Andika hoja zako, msaini wewe na wazee, uzikabidhi pale pale na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukisema kwa mdomo tu, kesho ripoti itaandika kwamba umma ulishirikishwa na haukuwa na pingamizi.