Hela 20 ya Mjerumani imepigwa kombo: ni kosa la mtambo au kawaida?

Kopo_la_Zamani: Habari za jioni wakuu. Nina sarafu ya hela 20 ya enzi za Mjerumani, ya mwaka 1916, ina herufi T. Chapa ya sarafu imesogea, ukingo upande mmoja mpana, upande wa pili hakuna kabisa. Nikiilinganisha na nyingine niliyonayo, taji la hii ni dogo, na zile L mbili za HELLER ncha zake zimechongoka. Za mwenzake zimejikunja. Je, ni kosa la kiwandani? Naomba majibu leo leo.

Kifaru wa Ugalla: Hela imekaa zaidi ya miaka mia, haraka umeitoa wapi?

Mzee wa Mizani: T ni Tabora. Vitani Mwingereza alifunga bahari, sarafu za Berlin (herufi A) na Hamburg (J) zikawa hazifiki. Mjerumani akapiga za kwake kwenye karakana ya reli, hadi Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Muhuri wa kupigia haukuwa mmoja, ndiyo maana kuna taji kubwa na dogo, L za kuchongoka na za kujikunja. Hizo ni aina za mihuri, si makosa. Kukaa kombo nako, kwa kazi ya karakana ile, ni kawaida. Labda iwe imesogea mno. Ni shaba nyekundu au ya njano? Umeisugua?

Mama Shani: Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wawili akanunua "rupia" ya matapeli. Mpaka leo ukimwita Rupia haitiki.

Kopo_la_Zamani: Ya njano. Nimeisugua kidogo tu kwa ndimu na majivu.

Mzee wa Mizani: Innalillahi. Bei umeshaikata mwenyewe.

Kifaru wa Ugalla: Hujajibu. Haraka ya nini?

Kopo_la_Zamani: Sawa, niseme. Kuna mtu wa Kahama kanipa kianzio, laki na nusu, anakuja kesho. Kopo lenye sarafu hizi ni la bibi mzaa mama. Yupo hai, ila haoni vizuri na hajawahi kuziulizia. Sijaiba, nimezitoa tu zisipotee. Na hiyo pesa imeshaingia kwenye ada ya mtoto, mnataka niirudishe na nini?

Ustadh Mkimya: Mali ya aliye hai haiuzwi bila yeye kujua. Mwambie bibi kwanza, hayo ya mihuri yatafuata.

Mama Shani: Kuona haoni, ila kopo likipungua uzito atajua. Mabibi hawa siwaamini.

Doria ya Usiku: Chai hii. Mtu hajui T ni nini, lakini anajua ncha za L? Picha hakuna. Huyu ni muuzaji anapandisha bei, kesho mtaona tangazo.

Kopo_la_Zamani: Mkuu, L nimezijua kwa sababu mnunuzi ndiye aliyeniambia nitafute zenye ncha kali na taji dogo. Picha siweki, binamu zangu wamo humu.

Mzee wa Mizani: Basi anajua anachokifuata, na alishakijua kabla ya kukupa kianzio. Usimpe kopo zima achague.

Doria ya Usiku: Bado chai. Sasa ina sukari.

Fundi Saa: Mzee, samahani nakatisha. Nina senti 10 ya Afrika Mashariki haina tundu kabisa. Hilo nalo si kosa?

Mzee wa Mizani: Hilo linaweza kuwa kosa la kweli. Ipime pamoja na yenye tundu, ya mwaka uleule: isiyotobolewa inatakiwa kuwa nzito zaidi. Kisha chukua kioo cha sonara, angalia katikati ya zile pembe mbili za ndovu. Iliyozibwa huacha duara, na rangi hutofautiana.

Fundi Saa: Duara lipo.

Mzee wa Mizani: Pole.

Kopo_la_Zamani: Wakuu, mbona mmenihama? Mtu wa Kahama kanitumia ujumbe, yuko njiani.